Mtani Aliyeingia Kaburini

Baba yangu alimpenda yule mheshimiwa kabla watu wengi wa Mpanda hawajaanza kulitaja jina lake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimjua kupitia redio. Mheshimiwa alikuwa anasema mkulima wa mahindi nchi hii anaibiwa mchana kweupe, kwamba gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo wake, ni wizi uliovaa kofia, na kwamba kila mnada uwekewe mizani. Baba aliuza lumbesa maisha yake yote kwa sababu wanunuzi hawakutaka kitu kingine. Aliacha tonge mkononi mpaka mheshimiwa akamaliza. Kisha akasema, "Huyu anaongea kama mtu aliyewahi kushika jembe."

Mimi nauza chakula Mpanda mjini, karibu na stesheni ya treni. Siasa zote hupita kwangu, na hupita zikiwa na njaa, kwa hiyo hazifichwi. Makuli walimpenda mheshimiwa, bodaboda walimpenda, hata wale wanaoshuka na treni ya Tabora wakiwa wamechoka kama magunia walimtaja kabla ya kuagiza chai. Alisema mapori yetu wasikodishiwe matajiri kutoka nje. Alisema kesi ya maskini isomwe kwa Kiswahili ili ajue anafungwa kwa nini. Alisema mchele wa Majimoto usipakiwe kwenye lori la dalali kabla mwenye shamba hajajua bei ya Dar es Salaam. Ungempinga kwa lipi? Mimi nilimpigia makofi nikiwa na mwiko mkononi.

Yeye hakuwa mtu wa Katavi. Alitoka mkoa wa mbali, na nadhani mpaka alipoanza mikutano yake hakuwa amewahi kukanyaga Mpanda. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye ndiye aliyekuja kutufundisha nani ni mtu wa huku na nani si mtu wa huku.

Sisi ni watu wa makazi, yale ya wakimbizi. Baba aliingia nchi hii akiwa kijana, akitokea Burundi, amemshika mkono mama yake ambaye kichwani alikuwa na sufuria moja. Nilizaliwa makazini, nikalelewa na Kirundi jikoni na Kiswahili cha Katavi kila mahali pengine. Uraia ulipokuja, baba aliapa, akapewa cheti, akakitia sandukuni na hakukitoa tena. Alisema mtu hatembei akijisomea jina lake. Baadaye tulihamia upande wa Litapunga, kijiji kikatupa eneo, baba akafyeka pori mpaka mikono ikawa kama magome. Mama alipofariki alimzika mwisho wa shamba, akatuonyesha na mahali pake, pembeni ya mama, akasema hapo msipande muhogo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee wa Kikonongo, mlina asali, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Huyo ndiye mtani wetu. Mtu wa mbali anaweza kuuliza Mrundi na Mkonongo utani wao umetoka wapi, na hesabu ilikuwa hivi: Wakonongo ni ndugu wa Wanyamwezi, Wanyamwezi watani wao ni Waha, na sisi tukifungua mdomo tunasikika kama Waha. Basi. Hakuna aliyeitisha kikao. Siku baba alipofika kwenye msiba wa baba yake yule mzee, akakuta watani wamechelewa na kaburi liko tupu, akaruka ndani, akalala chali na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Wenyeji walicheka na kulia kwa wakati mmoja, jogoo akaletwa, na tangu hapo tukawa watani.

Asubuhi mzee alikuwa anapita kwenye njia yake ya kwenda kwenye mizinga, anapaza sauti kutoka nje ya ua: "Wakimbizi, mmeamka au mmeshahama?"

Baba anajibu akiwa bado ndani: "Tumeamka. Tunangoja nyuki wako waje wakulimie, maana nyie jembe mnaliona kama nyoka."

Mimi aliniita mtoto wa sufuria. Nilipopata watoto akawaita vifuniko. Kati yetu hakukuwa na shikamoo, ingawa alikuwa sawa na baba kwa umri. Mtani hapewi shikamoo. Siku moja, nikiwa msichana, nilimwamkia kwa heshima kwa sababu nilikuwa na mgeni kutoka shuleni, na mzee akaenda moja kwa moja kwa mama kuuliza kama nina malaria. Alikuwa hatanii. Kwake heshima kutoka kwangu ilikuwa dalili ya ugomvi au homa.

Mkutano ulioharibu mambo ulifanyika Majimoto. Baba alipanda basi, akatuambia anakwenda kumsalimia ndugu yake anayelima mpunga, lakini kila mtu nyumbani alijua anakwenda kumwona mheshimiwa. Alivuka pori, akapita Kibaoni, akalala kwa ndugu yake. Aliporudi shingo ilikuwa imevimba kwa mbung'o, na hakusimulia kitu. Baba yangu hakuwa mtu wa kurudi safari bila kusimulia. Tulipomuuliza mkutano ulikuwaje, alisema watu walikuwa wengi.

Maneno yenyewe niliyasikia kwangu, kutoka kwa dereva wa lori aliyekuwepo. Mheshimiwa alianza na lumbesa kama kawaida, watu wakashangilia. Halafu akasema kuna Watanzania wa damu na Watanzania wa karatasi. Akasema wa karatasi wakae kwa adabu, wasigombee hata uenyekiti wa kitongoji, na ardhi waliyopewa ihakikiwe upya. Mwisho akafika kwenye makaburi. Alisema hawa watu wana ujanja, hawachukui ardhi kwa panga, wanaichukua kwa maiti. Wanazika shambani, na ukishakuwa na kaburi shambani nani atakutoa? Akawataka wenyeji wasikubali tena kaburi la mtu wa karatasi nje ya makaburi ya kijiji.

Dereva alisimulia haya huku anavunja chapati. Hakujua mimi ni nani. Aliposema "wanaichukua kwa maiti" alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Nilimwongezea mchuzi kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu.

Nchi ilisemezana. Mapadre na wachungaji walisema ni dhambi kumnyima marehemu kaburi. Wanasheria walisema redioni kwamba katiba haijui raia wa aina mbili. Wenzake mheshimiwa wakamwonya, naye akatoka kusema amenukuliwa vibaya, kwamba yeye hana ugomvi na mtu, anachotaka ni utaratibu. Baba alifurahi sana. Alizunguka na ile habari kama mtu aliyepona. "Mmeona? Walimnukuu vibaya." Haikupita hata wiki, mheshimiwa akayarudia maneno yale yale kwenye mkutano mwingine, kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuja kuona huo ndio ulikuwa mtindo wake. Anasema, anakana, anasema tena, na kila akirudia neno linatisha pungufu ya mara ya kwanza, mpaka linakuwa jambo la kujadiliwa tu.

"Hasemi sisi," baba alishikilia. "Anasema wale wanaoingia sasa."

Mtani wetu yeye alikula sikukuu. Aliacha hata kwenda kwenye mizinga ili apate nafasi ya kusimama nje ya ua wetu. "Wewe, mpenzi wako anakutafuta. Nimemwambia hujaoga." Baba alicheka mpaka akakohoa. Nadhani ule utani ulimsaidia kuliko habari za redioni. Kama mtu anaweza kukutania na jambo, jambo hilo bado halijakufikia.

Mimi lilianza kunifikia kazini. Mteja mmoja, kuli, aliyekula kwangu miaka na miaka na kuniita dada, aliinua kichwa siku moja akaniuliza, "Hivi dada, nyie ni wa wapi hasa?" Nikamwambia wa Litapunga. Akasema, "Hapana, hasa hasa." Hakuwa amekasirika. Alimaliza wali wake, akanawa, akaaga vizuri. Kesho yake alikaa kwa jirani yangu ng'ambo ya barabara. Nilikasirika nikataka kumfuata na sufuria zima nimwagie, lakini nilijiona nikisimama barabarani nikipiga kelele kwa lafudhi yangu, nikarudi ndani.

Baba alifariki mvua zikielekea kuisha. Aliugua kifua muda mfupi, akakataa kupelekwa mjini mara ya pili, akafia kitandani kwake asubuhi, tumemzunguka. Neno la mwisho alilonieleza likaeleweka lilikuwa kuhusu mahali pake pembeni ya mama. Tukachimba pale. Mtani alikuwa wa kwanza kushika jembe, na kila mara udongo ulipokuwa mgumu alisema marehemu amezoea kuwatesa Wakonongo hata akiwa amelala.

Siku ya mazishi watu walijaa. Katekista alikuwa anaongoza sala, majirani wa pande zote walikuwepo, Wabende, Wafipa, Wasukuma wenye ng'ombe zao kule chini. Vijana wapatao kumi waliovaa fulana nyeupe zenye picha ya mheshimiwa walikuja na pikipiki wakasimama kwenye ukingo wa shamba. Kijiji chetu kilikuwa na tawi la wafuasi wake tangu baada ya Majimoto. Wawili kati yao walikuwa watoto wa mtani wetu. Tulidhani wamekuja kuzika, maana msiba hauna mwaliko. Walivua kofia, nikawaona waungwana.

Kisha mtani akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la baba. Alikuwa ameliomba kwangu asubuhi. Alikuwa amevaa na kofia ya baba, na redio ya baba ameibana sikioni, anatembea kwa mwendo wa baba wa miguu iliyoangalia nje, anasimama kila hatua kusikiliza, anainua kidole kutunyamazisha. "Shh. Mheshimiwa anasema kuhusu lumbesa." Dada yangu mdogo, ambaye hakuwa ameweza kula tangu kifo, alicheka mpaka akashikiliwa. Hata katekista alifunika mdomo na kitabu. Nilimwona baba yangu mzima kwa dakika ile, na nilimpenda yule mzee kupita kiasi.

Jeneza lilipoletwa, akaruka kaburini, akalala chali, akafunga mikono kifuani. Sauti yake ya kuita ng'ombe ikatoka chini ya ardhi.

"Huyu hazikwi hapa. Hapa ni kwetu. Mpakieni kwenye baiskeli mrudisheni kwao alikotoka, na sufuria lake mlifunge nyuma."

Tulicheka. Ilikuwa zamu yangu, kama mtoto mkubwa, kumjibu, nami nikasogea ukingoni nikamwambia atoke mle, mlina asali asiyejua jembe, shimo lenyewe tumemchimbia baba, yeye lake atachimbiwa na nyuki. Mdogo wangu alikuwa ameshamleta jogoo, amemfunga miguu, tayari kwa kumkomboa.

Lakini nyuma yangu watu walikuwa wanapiga makofi. Makofi ya mkutano, ya pamoja. Niligeuka nikawaona wale vijana wamekuja mbele, na mmoja ameinua simu juu ya kaburi, anarekodi. Akasema kwa adabu kabisa, "Sema tena mzee. Sauti haikuingia vizuri."

Mtani aliinua kichwa. Kutoka kule chini alimwona kijana, akaiona simu, nadhani aliwaona na wanawe. Kichwa kilibaki kimeinuka hivyo, shingo imekaza, redio ya baba imeangukia begani.

"Sema mzee," mwingine akadakia. "Umesema vizuri sana. Hapa ni kwetu."

"Ni utani huu," akasema mzee, lakini sauti ile haikuwepo tena.

Akatoka. Alitoka bila kuvutwa, bila kudai, akajikung'uta udongo kwenye koti la baba, akapita katikati yetu akaenda kusimama mbali. Jogoo akabaki amefungwa. Sijawahi kuona mtani akitoka kaburini bila jogoo, na wazee waliokuwepo waliniambia baadaye kwamba nao hawajawahi. Katekista aliharakisha sala. Tulimshusha baba, tukafukia, na hakuna aliyezuia. Wale vijana walipata walichokuja kukitafuta, wakawasha pikipiki wakaondoka kabla hatujaweka maua.

Ile rekodi ilizunguka simu kwa simu. Ilikatwa vizuri. Kicheko hakikuwemo, mimi sikuwemo, jogoo hakuwemo. Kulikuwa na kaburi na mzee wa Kikonongo ndani yake anayesema huyu hazikwi hapa, hapa ni kwetu. Nilionyeshwa na mteja wangu, aliyedhani nitashangaa pamoja naye. Mheshimiwa alipokuja Mpanda mjini, gari lake la matangazo lilipita barabara ya stesheni likiicheza kwenye spika, na sauti ya mtani wetu ikapita juu ya masufuria yangu. Nilizima jiko nikafunga mapema.

Watu wa kanisa walilalamika. Walisema jamani huo ni utani, kila mtu Tanzania anaujua utani wa msibani. Mheshimiwa akawajibu jukwaani, na jibu lake lilisambaa kuliko rekodi yenyewe. Alisema utani ni urithi wa makabila ya nchi hii. Waha ni wetu, hawa si Waha. Mgeni hana mtani. Na kama kweli ulikuwa utani, basi yule mzee asimame mwenyewe mbele ya watu aseme, huyu ni mtani wangu. Akisema hivyo, mheshimiwa mwenyewe ataomba radhi. Watu walimsifu kwa haki yake.

Kwa hiyo jambo likawa dogo kabisa, la kuulizwa mtu mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwoga lakini si mbaya, akaitisha mkutano wa hadhara kuhusu kaburi la baba. Tawi lilikuwa limepeleka malalamiko. Likionekana kaburi ni la ujanja, lifukuliwe, baba apelekwe kwenye makaburi ya kijiji kule barabarani, na shamba liingie kwenye uhakiki. Mwenyekiti alinieleza haya akiangalia viatu vyake. Akaongeza kwamba mzee akisema tu neno lake, yeye atafunga mkutano kwa sala.

Nilikwenda kwa mtani siku moja kabla. Nilimkuta nje anakaza mzinga mpya. Nikaanza kama tulivyozoea, nikamwuliza nyuki wamemfukuza kazi au bado. Alitabasamu, kisha akaangalia mlangoni. Fulana mbili nyeupe zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa. Mkewe alileta maji ya kunywa kwenye kikombe kizuri, akanipa kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akaingia ndani.

"Kesho utasema nini?" nikamwuliza.

"Nitasema kilichopo."

"Kilichopo kinajulikana."

"Kinajulikana," akasema, akaendelea kukaza kamba. Nilirudi nyumbani nikawaambia ndugu zangu tusiwe na wasiwasi. Niliwaambia mzee atatutukana mbele ya kijiji kizima mpaka yule mheshimiwa asikie kwao. Tulicheka hata, tukajaribu kubuni matusi atakayochagua.

Mkutano ulifanyika chini ya turubai mbele ya ofisi, kwa sababu jua lilikuwa kali. Alikuja mjumbe wa mheshimiwa kutoka mjini, mwanaume wa makamo, mpole, aliyesalimia wazee wote kwa kushika mkono na kuniambia pole kwa msiba. Sikupata kisa cha kumchukia. Alisoma aya kadhaa kuhusu ardhi. Halafu akamwita mtani.

Mzee alisimama. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, haya maneno ya kaburini uliyasema?"

"Niliyasema."

"Hukulazimishwa?"

"Sikulazimishwa."

"Watu wanadai ulikuwa unatania. Sasa hapa hakuna wa kukutisha. Huyu mama," akaninyooshea kiganja, "ni mtani wako?"

Mzee akanigeukia. Wanawe walikuwa wamesimama nyuma yake, hawakumgusa wala kumnong'oneza. Mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu langu. Nilikuwa nangoja aseme mtoto wa sufuria, na mimi nimwite asiyejua jembe, na watu waangue kicheko, na baba alale. Niliona midomo yake ikijiandaa.

"Huyu ni jirani yangu," akasema. "Tunaheshimiana sana."

Bibi mmoja wa Kibende aliyekaa mbele alicheka. Alidhani ndiyo ameanza, kwamba ni njia mpya ya kutukana. Mimi pia nilidhani hivyo, nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu. Tukangoja. Mzee akainamisha kichwa kidogo kwangu, kama unavyomwinamia mke wa mkubwa wa kazi, akakaa. Kicheko cha bibi kikakatika, na watu wote waliokulia kijiji kile wakaangalia chini, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa tumefanywa nini.

Mjumbe alishukuru. Akasema taratibu zitafuata baada ya mavuno, kwamba familia itaarifiwa, na kwamba kwa sasa tusijengee kaburi wala kuweka msalaba wa saruji. Mwenyekiti alifunga mkutano bila sala. Dada yangu alikuwa analia, ndugu zangu walikuwa wanabishana na katekista kuhusu mwanasheria. Mimi niliondoka peke yangu kwa miguu.

Mzee alinikuta njiani na baiskeli yake. Angeweza kupita. Alishuka, akaanza kuisukuma nyuma yangu, na nikasikia cheni ikitoa mlio wake. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine, nilikuwa bado nampa nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na simu wala fulana. Niligeuka nikaanza kumtukana. Nilimtukana matusi yote ya baba, moja baada ya jingine, jembe na nyoka, nyuki na kulimiwa, baba yake aliyezikwa na Mrundi kwa kukosa watani. Nilimtukana huku sauti inapasuka. Nilikuwa namsihi. Neno moja tu, la kunirudishia, na ningemsamehe lile la turubai, ningesema alikuwa na hofu ya wanawe kama mzazi yeyote.

Aliusogeza mwili wake pembeni ya njia ili nipite. Akavua kofia. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeongea na mteja.

"Pole na msiba, mama," akasema. "Wasalimie nyumbani."

Yule mtu aliniita mkimbizi tangu nikiwa msichana, na ni siku ile, aliponiita mama, ndipo kwa mara ya kwanza nilijiona mkimbizi.